Unga wa sanamaki na "vioo" vilivyoonekana kwenye hadubini

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Tanga. Mama yangu ana miaka 68, na kwa zaidi ya mwaka amekuwa akinywa sanamaki karibu kila siku kwa sababu ya kufunga choo. Alikuwa akinunua majani makavu kwa mzee mmoja sokoni, anabana kiasi kwa vidole vitatu, anachemsha jioni, na asubuhi anapata choo. Mzee yule ameacha biashara, kwa hiyo nikamnunulia unga wa sanamaki wa pakiti kwenye duka jingine. Nilimpa kijiko kimoja cha chai usiku, asubuhi hakupata kitu. Mchana nikampa viwili, jioni kimoja tena. Usiku ule aliharisha hadi alfajiri, tumbo likimsokota, na tangu juzi miguu inamkaza na anasema hana nguvu. Anatumia dawa mbili za presha, moja ni ile ya kukojoza. Mdogo wangu ni mwalimu wa bailojia. Aliutazama unga kwa hadubini ya shule akaona vitu kama miiba na vipande vinavyong'aa kama vioo. Alipodondoshea iodini, chembe nyingi ziligeuka buluu nyeusi. Mwenye duka anaapa kwamba ni sanamaki halisi ya Makka, anasema nionje uchungu wake. Je, tumeuziwa vioo? Nitaijuaje sanamaki ya kweli? Majani machache ya zamani bado ninayo."

Jibu: Marahaba, dada, na mama mfikishie shikamoo yangu. Umeniuliza kuhusu mmea, lakini nitaanza na mama, kwa sababu mmea unaweza kusubiri na yeye hawezi. Acheni sanamaki leo, unga na majani pia, na mpeleke hospitali leo hii hata kama kuharisha kumekoma. Mwambie daktari mambo matatu kwa uwazi: kwamba amekuwa akinywa sanamaki kwa zaidi ya mwaka, kwamba ameharisha sana, na kwamba anatumia dawa ya presha ya kukojoza. Omba apimwe potasiamu na utendaji wa figo. Dawa za presha msimwachishe kwa uamuzi wenu wa nyumbani. Hilo mwachieni daktari aliyempima. Na kama moyo unamwenda mbio au unaruka mapigo, anapata kizunguzungu akisimama, ameacha kukojoa, ana damu kwenye choo, au tumbo limejaa huku anatapika, basi msingoje zamu ya kliniki. Nendeni moja kwa moja kitengo cha dharura.

Nasema hivyo kwa sababu ya namna sanamaki inavyofanya kazi. Viini vyake vikuu huitwa senosaidi. Ukivimeza, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote na bila kufyonzwa. Vikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huvivunja, na kile kinachotokana ndicho kinachouchokoza utumbo ujikunyate na kuuzuia usirudishe maji mwilini. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana dawa hii hunywewa usiku ili ifanye kazi asubuhi. Ulipompa mama viwili mchana, huenda kile cha usiku kilikuwa hakijamaliza kazi yake, na cha jioni kikaja juu ya vyote. Kosa hili ni la kawaida sana, wala usijilaumu. Mtu akiona dawa imechelewa hudhani haina nguvu.

Maji yanayotoka kwa kuharisha hubeba chumvi za mwili, hasa potasiamu. Dawa nyingi za kukojoza nazo hutoa potasiamu, kupitia mkojo, kwa hiyo mama anaipoteza kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Potasiamu ikishuka, misuli hukaza na kulegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuharibika. Utumbo nao ni misuli, nao huzembea. Kwa hiyo mtu anayekunywa sanamaki kila siku pamoja na dawa ya kukojoza anaweza kufunga choo zaidi kwa sababu ya dawa ileile anayoinywa apate choo, halafu anaongeza kipimo. Sijui kama mama amefika huko, ila kipimo cha damu kitasema.

Sasa twende kwenye hadubini.

Nianze kwa kukutoa hofu: miiba na vioo alivyoviona mdogo wako ni dalili zinazoelekea upande wa sanamaki ya kweli. Jani la sanamaki lina nywele fupi, ngumu, zenye ncha. Ndani yake pia mna fuwele za kalsiamu oksalati, ambazo mwanga ukipita hung'aa kabisa mfano wa kioo. Mmea huzitengeneza wenyewe. Nyingi hazifiki mikromita 20, wakati unywele wa kichwa cha mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo hazichani utumbo wala huwezi kuzihisi ulimini. Fuwele za aina hiyo zimo hata kwenye mchicha. Zinazowasha kooni, kama za magimbi yasiyoiva vizuri, ni za umbo jingine, nyembamba mfano wa sindano, zikiwa zimefungwa matita. Sanamaki haina sindano hizo. Mwalimu akiziona, ajue kuna mmea mwingine humo.

Lakini "vinang'aa" peke yake haitoshi, kwa sababu mchanga nao hung'aa. Mwombe arudi atazame zimekaaje. Achukue unga kidogo sana, unaokaa kwenye ncha ya pini, auweke kwenye tone la maji juu ya kioo, afunike, aanze na lenzi ya mara 10 kisha aende ya mara 40. Kama vipande ni vya kijani mno na havipitishi mwanga, aloweke unga kidogo kwenye jiki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu mpaka upauke, amwage jiki yote, ausuuze kwa maji mara mbili tatu, ndipo autazame. Jiki asiichanganye na siki wala asidi yoyote, kwani hutoa hewa ya sumu. Maabara za dawa hutumia kemikali nyingine kwa kazi hiyo, lakini hiyo si ya kuchezea shuleni.

Akifanya hivyo, atafute vipande virefu vya mishipa ya jani. Kwenye sanamaki, nyuzi za mshipa zimevikwa safu ya seli ndogo, na kila seli imebeba fuwele moja yenye pembe zilizokatika vizuri. Zinakwenda moja baada ya nyingine kufuata mshipa, mfano wa punje za tasbihi kwenye uzi wake. Ukishaiona mara moja huisahau, na mchanga hauwezi kuiiga. Mbali na mshipa, kwenye nyama laini ya jani, kuna fuwele za aina ya pili, za mviringo zenye ncha pande zote. Mchanga utauona ukiwa vipande vya ukubwa tofauti, visivyo na umbo maalumu, vimetawanyika nje ya seli. Hata bila hadubini, koroga kijiko cha unga kwenye glasi ya maji: mchanga hukimbilia chini ndani ya muda mfupi, na ukiusugua kati ya vidole unakwaruza.

Kisha nywele, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo penye ushahidi mzuri. Unywele wa sanamaki ni seli moja tu, kuanzia chini hadi kwenye ncha. Ni mpana kwenye shina na mwembamba juu, mara nyingi umepinda karibu na shina ukalala juu ya jani, na ukuta wake mnene una vinundunundu. Urefu wake hufika mikromita 260 hivi. Swali la kumwuliza mwalimu ni hili: je, unywele una ukuta unaoukata katikati? Kama una kuta, yaani umejengwa kwa seli mbili au tatu, huo si wa sanamaki. Huenda ni wa hargal, mmea wa Sudani na Misri ambao kwa miaka mingi umekuwa ukichanganywa na sanamaki ya huko kabla haijapakiwa. Hargal nayo ni dawa kwa watu wake, lakini si hii uliyokusudia kumpa mama.

Cha tatu ni stomata, matundu ambayo jani hupumulia. Kwenye unga utazikuta katika vipande vya ngozi ya jani. Kila tundu la sanamaki limepakana na seli mbili zilizolala sambamba nalo, moja kila upande, na mara nyingi moja ni kubwa kuliko mwenzake. Mpangilio huu unao pia mimea mingine ya jamii yake, kwa hiyo peke yake hauthibitishi. Ila ukiukosa kabisa, una sababu nzuri ya kuukataa unga wote.

Ndivyo utambuzi unavyokwenda, dada. Hakuna alama moja inayosema "hii ni sanamaki" halafu ukalala usingizi. Unatafuta fuwele za safu kwenye mishipa, fuwele za ncha nyingi kwenye nyama, nywele za seli moja zenye vinundu, na stomata zenye seli mbili sambamba. Vyote vikutane kwenye unga mmoja. Halafu unauliza swali ambalo wengi hulisahau: kuna nini humu ambacho hakipaswi kuwemo?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kwenye iodini ya mdogo wako. Kati ya yote uliyoandika, hilo ndilo lililonishtua. Iodini hugeuza wanga kuwa buluu nyeusi. Jani kavu la sanamaki lina wanga mdogo sana, na uliomo ni chembe ndogo zilizofichika ndani ya seli. Yeye anasema chembe ni nyingi. Azitazame tena bila iodini, aone umbo. Za mahindi zina pembepembe, na katikati kuna doa au ufa mdogo. Za muhogo ni za mviringo, lakini nyingi zina upande mmoja bapa, kana kwamba umekatwa. Kama anaona chembe moja moja hapa na pale, yawezekana majani yalisagwa kwenye mashine ileile inayosaga unga wa ugali, na huo ni uchafu tu wa mashine. Lakini kama kila anapousogeza kioo zinajaa, basi kuna mtu ameongeza unga ili pakiti iwe nzito. Sijauona unga wenu, kwa hiyo simtuhumu mwenye duka. Huenda naye aliununua ukiwa umeshasagwa. Ila kama ndivyo ilivyo, tunapata maelezo mazuri ya kilichotokea: kijiko cha kwanza kilikuwa na sanamaki kidogo, na vilivyofuata, kwa kuwa unga uliochanganywa hovyo haulingani juu na chini, vikawa na nyingi.

Maelezo mengine yanawezekana pia. Kubana majani kwa vidole vitatu ni kiasi kidogo, majani makavu ni mepesi, na sehemu ya dawa hubaki kwenye makapi unayoyatupa. Unga unamezwa wote. Kipimo kinachotambulika kwa mtu mzima ni gramu 0.5 hadi 2 za majani kwa siku, na kijiko cha chai kilichojazwa unga kinaweza kuzipita gramu 2. Mama alipata vinne ndani ya siku moja. Hata kama ungekuwa sanamaki safi kuliko zote duniani, hicho ni kipimo cha kumwangusha mtu.

Kuhusu uchungu, mwenye duka amekupa kipimo kibovu. Sanamaki si chungu sana. Ukiitafuna, kwanza unahisi utelezi mdomoni, maana ngozi ya jani ina ute, kisha uchungu mdogo unafuata nyuma. Unga unaokufanya ukunje uso mara tu unapogusa ulimi unanipa wasiwasi zaidi, sio nafuu. Mwarobaini una uchungu wa kutosha kuchungusha pakiti nzima. Na rangi ya kijani nayo isikubabaishe, kwa sababu kila jani lililokaushwa kivulini vizuri lina kijani.

"Ya Makka" nayo isikuumize kichwa. Sanamaki inayofika pwani yetu hutoka sehemu kadhaa, hasa Sudani, Uarabuni na kusini mwa India. Zamani wataalamu waliigawa kuwa mimea miwili kwa majina mawili. Leo wengi wanaiweka chini ya jina moja, Senna alexandrina, na vitabu rasmi vya viwango vya dawa huikubali ya Sudani na ya India pia. Tofauti zipo lakini si za halali na bandia. Ya Sudani ni ya kijani cha kijivu, ndogo zaidi, yenye nywele nyingi. Ya India ni ndefu zaidi, ina kijani cha manjano, nywele chache, na mara nyingi ina mistari iliyokatiza juu ya jani kwa sababu ya kugandamizwa kwenye marobota. Mdogo wako akipenda kuwafundishia wanafunzi wake, achukue kipande cha ngozi ya jani, ahesabu stomata, ahesabu na seli za kawaida zinazozunguka, kisha atafute stomata ni asilimia ngapi ya jumla ya zote mbili. Ya Sudani hucheza kati ya 10 na 15, ya India kati ya 14 na 20. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haibadiliki sana kwa ukubwa wa jani, tofauti na kuhesabu stomata zilizomo kwenye eneo fulani.

Hayo majani machache ya zamani uliyonayo ni hazina kwa kazi hii, kwa sababu mama aliyatumia na unajua yalivyomfanya. Loweka matatu manne kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalainike, yatandaze kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Kila moja ni kijipande cha jani kubwa zaidi, kwani juu ya mti hukaa mawilimawili kwenye kikonyo kimoja. Lina urefu wa sentimita 2 hadi 5 hivi, jembamba, limechongoka, na kwenye ncha kabisa kuna kijimwiba kidogo. Ukingo ni laini, hauna meno. Sasa tazama kitako chake, pale linapoungana na kijikonyo. Shika jani kwa ncha, ligeuze, uangalie pande mbili za mshipa wa kati: upande mmoja unaanza juu kidogo kuliko mwingine. Vitako havilingani. Watu wengi walioishika sanamaki maisha yao yote hawajawahi kuligundua hilo, na ni alama inayookoa. Geuza upande wa chini uone mishipa midogo ikitoka kwenye mshipa wa kati na kuungana karibu na ukingo.

Jani la hargal lina vitako vinavyolingana, ni nene, limekunjamana, na mishipa yake ya pembeni haionekani vizuri. Jani la mhina linaweza kukudanganya ukilitazama haraka, ila vitako vyake vinalingana. Unga wa hina ukiloweshwa na kuachwa kiganjani kwa saa moja huacha rangi ya chungwa, na sanamaki haiachi rangi hiyo. Kuna ndugu wa sanamaki, Senna italica, anayeota hata kwenye maeneo makavu ya Afrika Mashariki. Majani yake ni mapana kuelekea nchani na ncha ni ya duara. Unga wake huuzwa kwa wanawake kama hina isiyo na rangi ya kupaka nywele, na unga wa saluni haukuandaliwa kwa ajili ya kunywa. Mjohoro unaoujua barabarani na kwenye viwanja vya shule ni ndugu mwingine. Majani yake ni makubwa zaidi, na ncha ni butu au imebonyea kidogo. Huo usifanyiwe majaribio kabisa: huko Thailand, vidonge vya majani ya mjohoro viliwahi kuripotiwa kuumiza ini.

Hao ndugu ndio wanaonifanya nisiridhike na kipimo cha rangi ambacho huenda mwalimu akakisoma mahali, kile cha kuchemsha na asidi kidogo na kumalizia na amonia ili kuona wekundu. Wekundu huo unaonyesha kwamba viini vya jamii ya senosaidi vimo. Haukwambii vimetoka kwenye mmea gani, wala ni kiasi gani. Na mtu aliyechanganya nusu sanamaki nusu unga wa muhogo atapata wekundu uleule.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usinunue tena mitishamba iliyosagwa kama unaweza kupata nzima. Jani zima linaweza kuhojiwa na mtu yeyote mwenye macho na dirisha. Likishasagwa, maswali mengi yanahitaji hadubini, na mengine, kama vile kuna kiasi gani cha senosaidi au kama kuna dawa ya hospitali iliyotiwa kwa siri, hayajibiki hata kwa hadubini. Hapo inabidi maabara ya kemia.

Sasa swali ambalo hukuliuliza: je, ukithibitisha majani ni halisi, mama arudi kwenye sanamaki? Kwa maoni yangu, asirudi mpaka daktari amemwona na potasiamu yake imejulikana. Hata kwa mtu mwenye afya njema, sanamaki ni dawa ya siku chache. Mwongozo wa kawaida ni kutovuka wiki moja hadi mbili bila ushauri. Haifai kwa watoto wa chini ya miaka 12, haifai kwa mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo, na mjamzito asiinywe bila kumwona daktari. Ikibidi atumie, ningependelea vidonge vya famasia vilivyotengenezwa kwa mmea huohuo. Kwa kawaida kidonge kimoja kina miligramu 7.5 au 8.6 za senosaidi, na unajua umempa nini. Najua wazee wetu wanaamini zaidi kile walichokichemsha wenyewe, na majani mazima kutoka kwa muuzaji unayemwamini si kitu kibaya, ila kipimo chake hubadilika kila mzigo, na mama hana nafasi ya kubahatisha.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtu wa miaka 68 anayefunga choo kwa zaidi ya mwaka anastahili kuulizwa kwa nini. Yawezekana ni maji machache na ugali mweupe bila mboga za kutosha. Yawezekana ni dawa mojawapo ya presha, au vidonge vya madini ya chuma kama anavitumia, au tezi ya shingo. Na wakati mwingine, kwa umri huo, ni kitu kinachoota ndani ya utumbo mpana. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili tu, maana mama zetu wanaona haya kusema: choo kimekuwa chembamba kuliko zamani? Kuna damu? Amepungua nguo zikawa zinampwaya? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, mwambie daktari siku hiyohiyo na uombe utumbo uchunguzwe. Kuna dawa zinazolainisha choo bila kuuchokoza utumbo, kama laktulosi au isabgoli, yaani maganda ya mbegu yanayonywewa na maji mengi, na daktari anaweza kuchagua inayomfaa baada ya kujua chanzo.

Unga uliobaki usiutupe wala usiurudishe dukani wote. Weka vijiko viwili kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na majani ya zamani kwenye bahasha yake, bila kuvichanganya. Juu ya kila kimoja andika ulikonunua, tarehe, na jina lililoandikwa kwenye pakiti pamoja na namba ya toleo kama ipo, na pakiti yenyewe uihifadhi. Nendeni nayo hospitali ili daktari aione. Kisha sampuli ipelekwe kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya kanda yenu ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, maana kama kuna unga uliochanganywa, wengine nao wanaunywa. Mkitaka mmea utambuliwe kwa uhakika, Taasisi ya Dawa Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, ina wataalamu wa kazi hiyo. Mdogo wako naye achore alichokiona au apige picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho, aandike ni lenzi ya mara ngapi, na aviambatanishe na chupa.